Wanaotaja tarehe ya Kiyama, na wanaolipa

Septemba mwaka 2025 jirani yangu alinijia barazani baada ya Isha, simu mkononi. Ni Mgiriama, mwanakwaya, na ua letu ni mmoja kwa miaka 11 sasa. "Sheikh," akaniambia (aniita hivyo kwa mzaha, usheikh sina), "huyu asema twanyakuliwa Jumanne."

Kwenye simu alikuwa Joshua Mhlakela wa Afrika Kusini, aliyesema kwamba Yesu alimtokea akamwambia atakuja kuwachukua watu wake tarehe 23 au 24 ya mwezi ule. Maneno yake yalienea TikTok hadi Marekani, na wako waliojirekodi wakisema wameuza magari na kuacha kazi. Jumanne ikapita, Jumatano ikapita, mwenyewe akasogeza tarehe mbele hadi Oktoba. Mitandaoni watu wakacheka wakachoka.

Sisi wa Kilifi na Mombasa hatuna haki ya kucheka sana. Shakahola iko kwetu.

Huyo wa Afrika Kusini si wa kwanza, na tabia hii yazaliwa na mjadala ambao Wakristo wenyewe hawajaumaliza: vitabu vya Danieli na Ufunuo, na yale Yesu aliyowaambia wanafunzi wake katika Mathayo sura ya 24, vyasemea wakati gani? Wako wanaosema mengi yalishatimia mwaka 70, Warumi walipoibomoa Yerusalemu na hekalu lake, kwa sababu Yesu alisema kizazi kile hakitapita kabla ya mambo hayo kutokea. Wengine waona unabii umekuwa ukitimia kidogo kidogo katika historia yote. Wengine wasema karibu yote bado yaja, kuna unyakuo na dhiki kuu, na hawa ndio wanaosikika zaidi leo katika redio na mikutano ya injili. Na wako wanaosoma zile namba na wanyama kama mifano tu ya vita vya haki na batili.

Huo ni mjadala wa wasomi, na hauna ubaya. Balaa huanza mtu anapochukua kalamu akapiga hesabu.

William Miller, mkulima wa Marekani, alisoma zile siku 2,300 za Danieli, akaifanya kila siku kuwa mwaka, akahesabu kuanzia 457 kabla ya Kristo. Mwisho wafuasi wake wakashika tarehe 22 Oktoba 1844. Wako walioacha mazao shambani bila kuvuna. Kulipokucha tarehe 23, walilia. Kutokana na kilio kile ndiko walikotokea Wasabato, ambao hapa Kenya ni wengi mno, na ambao leo msimamo wao ni kwamba tarehe ya kurudi Yesu haitajwi. Wao waliungua, wakajifunza.

Wengine hawakujifunza. Baada ya dola ya Israeli kuundwa 1948, wako waliosema kizazi ni miaka 40, basi ni 1988. Edgar Whisenant, mhandisi, akaandika kijitabu chenye sababu 88 za mwaka huo, kikauzwa kwa mamilioni. Harold Camping, naye pia mhandisi (sijui wahandisi wana nini na jambo hili), alitangaza Mei 21, 2011 kwa redio na mabango, na wako wafuasi waliomaliza akiba zao kwa kampeni ile. Mwaka 2012 alikiri kwamba kutaja tarehe kulikuwa dhambi. Mwaka uliofuata akafa.

Ajabu ni kwamba jibu limo katika sura ileile ya Mathayo: siku hiyo na saa hiyo hakuna aijuaye, hata malaika. Nilimuuliza jirani yangu watu wanairukaje aya hiyo. Akaniambia, "Wasema siku na saa hazijulikani, lakini mwezi na mwaka hazikukatazwa." Tulicheka, kisha tukanyamaza.

Hapa Kilifi tulizika matokeo yake. Paul Mackenzie alifunga kanisa lake la Malindi 2019, akahamia msitu wa Shakahola na watu waliomfuata. Kabla ya hapo alikuwa akihubiri kwamba shule ni ya shetani na hospitali pia, na kwamba Huduma Namba ni alama ya mnyama. Tangu Aprili 2023 imefukuliwa miili zaidi ya 400, watoto wengi wakiwemo, na upande wa mashtaka wasema watu walihimizwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Yeye amekana mashtaka, na mahakama ndiyo itakayosema. Mwaka 2025, kule Kwa Binzaro, si mbali na hapo, ikafukuliwa mingine zaidi ya 30.

Baadhi yetu tulilisema lile kama la Wakristo. Nakataa. Mwezi Novemba 1979, siku ya kwanza ya mwaka 1400 wa Hijria, Juhayman na wenzake waliuteka Msikiti wa Makka na silaha, wakidai shemeji yake ndiye Mahdi. Mamia walikufa kabla ya kutolewa baada ya wiki mbili. Na leo kundi gani la WhatsApp la Waislamu halijaletewa hesabu ya kutokea Dajjal? Sisi nasi twaamini Nabii Issa (AS) atarudi. Na sisi nasi tumefundishwa kwamba ilimu ya Saa iko kwa Mola peke yake, hata Jibril alipomuuliza Mtume (SAW), jibu lilikuwa kwamba muulizwa hajui zaidi ya muulizaji. Haijatuzuia.

Kwa hivyo siungi mkono wanaotaka serikali iwapime wahubiri kwa tafsiri zao za Ufunuo. Serikali haijui lini Kiyama, wala si kazi yake. Nani atakaa ofisini Nairobi aamue Danieli alimaanisha nini? Kinachoonekana kwa macho ni kile mhubiri anachowataka watu waache. Akisema uza shamba, mtoe mtoto shule, usimpeleke mgonjwa hospitali, usile, hapo pana kazi ya chifu na polisi, iwe anasoma Biblia au Kurani. Shakahola dalili hizo zilikuwepo miaka kadhaa. Mackenzie alikamatwa zaidi ya mara moja kabla ya 2023, akaachiliwa, na majirani walijua watoto hawaendi shule.

Jirani yangu alimuuliza mchungaji wake kuhusu ile Jumanne. Aliambiwa akalipe karo ya muhula, maana mwanawe alikuwa karibu kurudishwa nyumbani. Alilipa Jumatatu. Jumatano asubuhi nilimuona akimsindikiza kijana stendi, sanduku kichwani, akanipungia mkono akisema, "Sheikh, bado tupo!"