Kusahau Si Uvivu

Mfikirie karani wa mizani mjini Nchelenge, ufukweni mwa Ziwa Mweru. Kwa miaka mingi amepima samaki na kuandika hesabu bila kosa. Leo anarudia swali lilelile, na namba zinamponyoka. Wengine humwita mvivu. Wengine hunong'ona kuwa amerogwa. Mwajiri anamfukuza.

Hiyo ni dhuluma. Dimensha ni maradhi ya ubongo, si tabia mbaya wala laana. Mwaka 2021 watu wapatao milioni 57 duniani waliishi nayo. Nayo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Zambia, ya mwaka 2012, inakataza ubaguzi kazini. Haki si hisani ya bosi.

Utanijibu: "Biashara si hospitali." Ni kweli. Lakini daftari la maelekezo, mwenzake wa kuhakiki hesabu, au kazi isiyohitaji namba, gharama yake ni ndogo.

Kila mwaka, Desemba hadi Februari, uvuvi ziwani hufungwa ili samaki wazaliane. Tunamvumilia samaki miezi mitatu. Je, tushindwe kumvumilia aliyetupimia samaki maisha yake yote?