Usiuze winchi kwa namba ya kwenye boksi

Najua leo kuna watakaonipinga, ila nasema: muuzaji wa vifaa vya gari mtandaoni anayepokea hela kabla hajauliza maswali hafanyi biashara, anacheza kamari na mtu wa watu.

Nipo Bukoba mjini, nauza vifaa vya magari ya porini kwa WhatsApp na Instagram. Mzigo nauagiza Kariakoo, wateja wangu wengi wako Muleba na vijiji vya huku kwetu. Mvua ya Kagera mnaijua. Masika ikishika, ukiacha lami hatua mia tu, uko kwenye tope. Ndiyo maana winchi ya umeme inatoka.

Masika moja mteja wa upande wa Kamachumu aliniandikia. Ana Land Cruiser pikapu, anabeba kahawa. Akauliza, "Ina nguvu?" Nikamjibu haraka, "Pauni 9,500 kaka, hiyo inavuta hata lori." Akatuma hela, nikapakia boksi kwenye basi, nikaweka "SOLD" kwenye status. Sikuuliza kitu.

Mara ya kwanza kukwama alizungusha waya kwenye mkaratusi, akaunasa waya kwa ndoano yake mwenyewe. Gari likatoka. Ila waya wa chuma ukivutwa hivyo unavunjika mgongo, unapata kunyanzi. Mara ya pili, gari limejaa magunia, ukakatikia palepale kwenye kunyanzi. Ukarudi kama fimbo, ukapasua kioo cha mbele. Utingo wake alikuwa amesimama pale dakika moja nyuma. Alikuwa ameenda kutafuta jiwe la kuweka tairini.

Yule kaka hakunitukana. Alinipigia akasema, "Mdogo wangu, ulinitumia boksi, hukunitumia maelezo." Kioo nililipa mimi. Hakunidai, nililipa tu. Usiku ule nilikuwa namuwaza utingo.

Mkanda wa kufunga mti ulikuwepo dukani kwangu. Ningeuliza tu "utafunga kwenye nini?", ningeuza mkanda na winchi siku hiyohiyo.

Sasa kabla sijatoa lipa namba, nauliza haya manne.

Moja: gari aina gani, na likijaa lina uzito gani? Chukua uzito wa gari likiwa na mzigo, zidisha mara moja na nusu. Gari la tani 3 linataka winchi ya kilo 4,500. Pauni 9,500 ni karibu kilo 4,300, haitoshi. Pauni 12,000 ni kama kilo 5,400, hapo sawa. Na ile namba ya boksi ni ya tabaka la kwanza la waya kwenye ngoma. Waya ukiwa umejaa ngomani, nguvu inapungua sana. Mwambie mteja autoe mrefu, lakini mizunguko mitano ibaki. Akiongeza kapi, nguvu inakaribia mara mbili, mwendo unakuwa nusu.

Mbili: umeme ni volti 12 au 24? Baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilizotoka Japani ni 24. Ukimpa mota ya 12, ataiunguza. Usihesabu betri tu, maana zinaweza kuwa mbili na umeme ukawa 12. Mwambie fundi umeme apime.

Tatu: itafungwa wapi? Bampa la kiwandani halibebi winchi. Inatakiwa sahani ya chuma iliyofungwa kwa bolti kwenye chesisi. Mteja akisema "fundi ataunganisha popote", simtumii mzigo.

Nne: waya au kamba? Waya wa chuma unavumilia mawe na msuguano, ila ni mzito, unashika kutu, na ukikatika ni hatari. Kamba ya sintetiki ni nyepesi na ikikatika haina kishindo kile, ila jua na mchanga vinaila. Wengi wanapenda kutoa waya na kuweka kamba. Sawa, lakini roli za mbele zilizokwaruzwa na waya zitaikata. Wauzie na kipitisho cha alumini laini, la sivyo watarudi kukulaumu.

Mzigo ukishafika, namtumia mteja ujumbe wa sauti wa dakika mbili. Injini iwe inawaka ukivuta, maana winchi ikivuta kwa nguvu zote inaweza kula ampea 400, na oltaneta haifiki huko. Vuta kidogo, pumzisha mota. Vaa glovu. Tupia koti zito au gunia lenye mchanga kidogo katikati ya waya. Watu wote wakae mbali, kuzidi urefu wa waya uliotoka. Ukitoka kwenye tope, toa waya wote, osha, kausha, uurudishe ukiwa umekazwa. Kila mwezi iwashe kidogo hata kama hujakwama, kagua vichwa vya betri. Waya ukiwa na kunyanzi au nyuzi zimechomoka, tupa.

Kuna wenzangu ninaowaheshimu wanasema maswali yanafukuza wateja, na kazi ya fundi mwachie fundi. Kweli, wapo walioniacha wakanunua kwa mwingine kwa bei ya chini. Ila fundi anafunga alicholetewa. Kama umemuuzia mteja kitu kisichomfaa, fundi hawezi kukisahihisha kwa spana. Na Muleba siyo Dar, huku watu wanajuana. Kioo kimoja kikipasuka, habari inafika Nshamba kabla ya basi.

Yule kaka wa kahawa alirudi. Alichukua pauni 12,000, mkanda, shakeli mbili na kapi. Safari hii alianza kwa kunitumia picha ya betri, hata sijaomba.

Na wewe unayeuza pampu, sola au mashine ya kukobolea, una maswali yako manne? Yaandike hapo chini, wenzako wajifunze.