Feni haijafa, msiipige dairekti

Leo naweka programu kando kidogo, nina neno na mafundi wa magari.

Sisi wa Wasini kisiwani hatuna magari. Gari langu hulala Shimoni, nami navuka kwa boti, kwa hiyo linashinda likipigwa na upepo wa chumvi. Majuzi nilikwenda nalo Mombasa. Njia nzima mshale wa joto haukutikisika. Nilipokwama kwenye foleni ya feri Likoni, ukapanda mpaka karibu na nyekundu.

Hapo tayari umeshapewa nusu ya jibu. Gari likikimbia, upepo wa njiani unapoza rejeta. Likisimama, kazi yote ni ya feni. Nikafungua boneti injini ikiunguruma: feni imesimama kimya.

Fundi niliyempata hakuuliza swali hata moja. Akatoa waya. "Tunaipiga dairekti," yaani izunguke tangu unapowasha swichi hadi unapozima. Nilipokataa akasema basi mota imekufa, ninunue nyingine.

Mtanisamehe, lakini hiyo dairekti ni sawa na mwandika programu anayefuta sharti linalomsumbua na kuandika "ndiyo" mahali pake. Inaonekana kufanya kazi. Kosa bado limo, ila sasa limefunikwa. Na waya huo mara nyingi hauna fyuzi, ukigusana na bodi unaungua.

Nilizima, nikangoja ipoe (rejeta ya moto haifunguliwi, tafadhali). Maji yalikuwa yamejaa. Fyuzi nzima. Nikaipa mota moto wa betri moja kwa moja kwa sekunde chache: ikazunguka vizuri. Kumbe "maiti" ni mzima! Ikabaki sensa, relei na nyaya. Katika gari langu ukiwasha AC feni lazima izunguke hata injini ikiwa baridi, nikawasha, kimya. Basi si sensa ya joto peke yake. Relei ya honi ni aina ileile, nikazibadilisha. Feni ikazunguka, honi ikanyamaza.

Dakika ishirini, bila kipimo chochote. Miguu ya relei ilikuwa imeota kutu ya kijani, zawadi ya bahari.

Jioni ile nikamsimulia ami anayenivusha. Yeye kila akiwasha mashine hutazama kwanza kama inatema maji nyuma, ndipo aondoke. Akaniuliza, "Sasa huyo fundi alitazama nini?"

Relei mpya nilinunua Ukunda. Fundi bado ananidai pesa ya kuangalia.