Monita ya Bei Ghali: Tumkatalie Kijana au Tumsaidie?



Ndugu wasomaji, mwezi uliopita mpwa wangu alipanda taxi kutoka Koboko akaja hapa Arua na karatasi mkononi. Kijana huyu anapiga na kuhariri video za harusi, na ndiyo kazi inayomlisha. Kwenye karatasi alikuwa ameandika monita anayoitaka: inchi 32, 4K, hezi 144, HDR. Bei aliyotajiwa Kampala ilizidi shilingi milioni tatu. Baba yake alikuwa ameshakataa, akisema hizo ni pesa za mchezo. Mama yake naye alikuwa tayari kuuza ng'ombe. Basi wakaniachia mimi niseme neno la mwisho.

Nimeona niliandike jambo hili kwa sababu nyumba nyingi zitaulizwa swali hilohilo, kama bado hazijaulizwa. Na maoni yangu ni haya: baba alikosea sababu, na kijana alikosea orodha.

Nianze na baba. Sisi watu wazima tukiona skrini kubwa tunafikiri filamu na mpira tu. Lakini nilimwuliza kijana, "Mwanangu, hiyo unayotumia ina kosa gani?" Akanijibu, "Mjomba, inadanganya rangi." Akanieleza harusi moja ambayo sare za kitenge zilikuwa za kijani, na kwenye skrini yake ya zamani zilionekana kijani. Mwenye harusi alipoitazama nyumbani kwenye televisheni akaona manjano. Akakataa kulipa nusu iliyobaki. Je, huo ni mchezo? Fundi seremala hatumwambii apime mbao kwa futi iliyopinda. Monita ya mhariri ndiyo futi yake.

Sasa nije kwa kijana. Orodha yake ilikuwa imetoka kwenye matangazo, haikutoka kwenye kazi yake. Tuipitie moja moja.

Kwanza, 4K. Monita ya 4K ina pikseli 3840 kwa 2160, yaani zaidi ya milioni nane. Ile ya kawaida ya 1920 kwa 1080 ina kama milioni mbili. Kompyuta lazima ifanye kazi ya kuzijaza zote, na kompyuta yake ni ya zamani, inachoka mapema. Katikati kuna 2560 kwa 1440. Harusi zake anawapa wateja kwa 1080, kwa sababu wengi wanatazama kwenye simu. Kwenye monita ya 1440, video ya 1080 inakaa nzima, pikseli kwa pikseli, na bado pembeni inabaki nafasi ya vifaa vya kuhariri. Kwa inchi 27 maandishi yanasomeka vizuri bila kukuzwa. Kazi yake haihitaji zaidi ya hapo.

Pili, hezi 144. Maana yake ni kwamba skrini inaweza kubadilisha picha mara 144 kwa sekunde. Nilimwuliza anacheza nini. Akacheka, akasema mpira, kwenye PS4 ya rafiki yake. PS4 haitoi zaidi ya picha 60 kwa sekunde! Hizo 84 zilizobaki angezilipia bure. Mwenye kompyuta yenye kadi ya grafiki yenye nguvu, au PS5, yeye ana sababu ya kufikiria hezi 120 na kuendelea, na ahakikishe tundu la HDMI ni la 2.1 kama anataka hezi 120 pamoja na 4K.

Tatu, HDR. Neno hili linabandikwa kwenye maboksi mengi. Nembo ya DisplayHDR 400 ni ngazi ya chini kabisa, na haidai skrini iweze kupunguza mwanga sehemu moja na kuuacha sehemu nyingine. Ukiinunua kwa ajili ya nembo hiyo pekee, tofauti utakayoiona ni ndogo.

Kitu alichokihitaji kweli hakikuwa hata kwenye karatasi: paneli ya aina ya IPS, inayofunika rangi za sRGB kwa ukamilifu au karibu yake. IPS haibadilishi rangi unapokaa upande. VA ina weusi mzuri kwa filamu, lakini rangi zake huhama kidogo ukiitazama kwa pembeni. OLED ni nzuri kuliko zote kwa macho, lakini kitu kikikaa palepale kila siku, kama vitufe vya programu ya kuhariri, kinaweza kuacha alama ya kudumu. Na uso wake usiwe wa kung'aa kama kioo, maana nyumba zetu milango iko wazi na jua linaingia.

Halafu kuna jambo ambalo tangazo la nje haliwezi kutuambia. Wakubwa tunaikumbuka Arua ya jenereta na saa chache za umeme. Mwaka 2012 bwawa la Nyagak kule Zombo lilianza kutoa megawati 3.5, na mkoa mzima ukagawana. Ni mwaka 2024 ndipo laini kubwa ya gridi ya taifa ilipotufikia. Alhamdulillah, hali imebadilika. Lakini umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo haujatuaga. Mimi mwenyewe mwaka 2022 nilipoteza monita namna hiyo: umeme ulirudi jioni, tukasikia mlio mdogo, skrini ikawa nyeusi hadi leo.

Kwa hiyo nilimwambia kijana: kununua monita ya milioni tatu na kuichomeka moja kwa moja ukutani ni kuweka pesa juani. Achukue ya inchi 27, 1440, IPS, ambayo ilipatikana kwa chini ya nusu ya bei ile. Sehemu ya pesa iliyobaki inunue UPS, na nyingine diski ya kuhifadhia harusi za watu. Na monita pia ichomekwe kwenye UPS, si kompyuta peke yake. Umeme ukikatika, kompyuta itabaki inawaka, lakini utahifadhije kazi usiyoiona?

Kampala ni mbali, kwa hiyo aijaribu dukani kabla ya kulipa. Afungue picha nyeupe tupu, nyeusi tupu, kisha nyekundu, atafute nukta iliyokufa. Aombe risiti na karatasi ya dhamana. Kwenye basi asiiweke chini ya mizigo. Aisafirishe ndani ya boksi lake, ikiwa imesimama.

Ng'ombe wa mama bado yuko zizini. Baba naye alikubali, kwa sharti moja ambalo mimi naliunga mkono: dada yake kijana, anayesoma ICT sekondari, apewe saa zake kwenye monita hiyo kila jioni, na zisiwe saa za hisani zinazonyang'anywa harusi ikiingia.

Wazazi wenzangu, dini yetu imetukataza israfu, na ubakhili pia imetukataza. Mtoto akija na karatasi yenye bei kubwa, tusiichane na tusiilipe kabla hatujakaa naye chini. Tumwulize: kazi yako ni ipi, na kitu gani kinakukwamisha? Jibu lake ndilo litakalotuonyesha cha kununua.

Wabillahi tawfiq.