Anwani za Intaneti na Kazi ya Viraka



Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu niseme neno juu ya anwani za intaneti. Muhula uliopita sisi wa darasa la juu tulikuwa chumba cha kompyuta tukijaza fomu za chuo, mara tukafungiwa mlango. Tuliambiwa kwamba anwani yetu imefanya fujo. Sisi hatukufanya fujo yo yote. Kumbe anwani ile twaitumia pamoja na watu wengi tusiowajua, na mmoja wao ndiye aliyekosa.

Chanzo ni hesabu ya zamani. Kanuni iitwayo IPv4, iliyoandikwa mwaka 1981, iliipa kila anwani biti 32, yaani anwani 4,294,967,296 tu kwa dunia nzima. Siku zile kompyuta zilizounganishwa zilikuwa mamia machache, basi watu waligawiwa bila kuhesabiwa: chuo kimoja cha Marekani, MIT, kilipata zaidi ya milioni 16! Tarehe 3 Februari 2011 ghala kuu lilitoa mafungu yake ya mwisho.

Kiraka kilichotiwa ni kama sanduku la posta la shule. Barua zote huingia sanduku moja, kisha kiranja huzigawa. Ni msaada, sikatai, lakini akikosa mmoja sanduku hufungwa kwa wote.

Tangu mwaka 1995 iko kanuni nyingine, IPv6, yenye biti 128, na anwani zake hata mwalimu wetu wa hesabu hawezi kuzimaliza. Mbona basi wengi hawajahamia? Kwa sababu kompyuta yenye anwani mpya tu haiwezi kusemezana na yenye anwani ya zamani tu pasipo mkalimani, na kila mtu amngoja mwenzake atangulie.

Hata hivyo wingi peke yake hautoshi, na hapa ndipo naona watu wanajidanganya. Ruta ni karani wa posta. Akipokea barua ya Japani haulizi nyumba. Huitia mfuko wa Japani, basi. Lakini anwani zikikatwa vipande vidogo na kutawanywa huku na huku, karani hana budi kukijua kila kipande. Mwezi wa Agosti 2014 orodha hiyo ilipita vipande 512,000, na ruta nyingine za zamani zikashindwa kuibeba. Watu wakakosa intaneti. Tukizikata hizi mpya ovyo, tutawashinda makarani vile vile.

Kwa hiyo nawaomba ninyi mliotutangulia hapa, mlio katika makampuni ya simu na ofisi za serikali: ombeni fungu moja kubwa la IPv6, mligawe kwa matawi yenu kwa utaratibu, wala msinunue mtambo usioijua kanuni hiyo. Fundi wa shule ameniambia kuwa mitambo yetu iko tayari tangu mwaka jana. Tunaongoja ni wale wanaotuuzia intaneti.