Migingo: Mpaka Unajulikana, Wajibu Umetelekezwa

Kisiwa cha Migingo, katika Ziwa Victoria, hakifiki hata nusu ya uwanja wa kandanda. Ni mwamba wa takriban nusu ekari uliosongamana nyumba za mabati, hauna shamba wala malisho. Utajiri wake uko majini. Pembeni mwake kuna kina kinachopendwa na sangara, ambaye wavuvi wa Nyatike na Suba humwita mbuta, na anayelala Migingo huwa karibu na samaki kuliko anayesafiri kutoka Muhuru Bay. Kenya ina takriban asilimia 6 tu ya Ziwa Victoria. Boti ikitoka Sori, au Remba kule Homa Bay, haikawii kukaribia maji ya Uganda. Anayeshika Migingo anashika mlango wa uvuvi huo.

Kenya na Uganda zimezozania kisiwa hiki, lakini kuhusu mwamba wenyewe, hakuna la kubishania. Amri ya Uingereza ya mwaka 1926 ilipitisha mpaka kwenye ncha ya magharibi ya kisiwa cha Pyramid, kisha moja kwa moja kaskazini hadi kisiwa cha Ilemba. Migingo iko takriban mita 500 mashariki mwa mstari huo, yaani Kenya. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inataja alama hizo hizo. Mwaka 2009, Rais Yoweri Museveni mwenyewe alikiri kuwa kisiwa ni cha Kenya, akashikilia kuwa maji ya kando yake ni ya Uganda.

Kama ndivyo, kwa nini maafisa wa Uganda, waliotua Migingo mwaka 2004 na kupandisha bendera yao, waliendelea kuwatoza Wakenya kodi na kuwakamata hata baada ya kauli hiyo? Jibu ni chungu: Nairobi ililiacha suala hili lipoe lenyewe. Mwaka 2009 wapimaji wa nchi zote mbili walipelekwa ziwani, na vijana wa Kibera waling'oa reli iendayo Uganda kwa hasira. Kelele zilipopungua, mvuvi aliachwa na mstari asioweza kuuona. Anayetega nyavu usiku, upepo ukimsukuma, atajuaje kuwa amevuka?

Hatutaki vita, na hatumdai mwanajeshi yeyote afie mwamba. Tunadai kazi ya kawaida ya serikali. Kifungu cha 241 cha Katiba ya Kenya kinalikabidhi jeshi ulinzi wa mipaka yetu, na tangu 2018 sheria imeunda Huduma ya Walinzi wa Pwani. Doria yao ionekane Migingo kila siku, si siku ya ziara ya waziri pekee.

Serikali za kaunti za Migori na Homa Bay nazo zisijifiche nyuma ya Nairobi. Anayemtoza mvuvi ada ana deni kwake: kumfikia anapokamatwa, kumtafutia wakili, kuwaeleza jamaa zake alipo. Wavuvi pia wana lao. Nyavu za macho madogo humaliza mbuta wachanga, na hakuna bendera itakayowarudisha.

Mawaziri wa mambo ya nje wa nchi hizi mbili wakae mezani, wakubaliane kuweka maboya kwenye mstari wa 1926, na watangaze tarehe ya kuanza kazi. Hadi maboya hayo yawekwe, pasiwe na mvuvi wa kukamatwa wala boti ya kuzuiliwa karibu na Migingo bila afisa wa Kenya kuwapo.