Mwezeshaji wa kikundi si bosi wa kikundi

WAKULIMA na wafanyabiashara wadogo wa wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, wamehimizwa kwa miaka mingi kujiunga katika vikundi, na wengi wameitikia. Lakini kuanzisha kikundi ni jambo moja, na kikundi kudumu ni jambo jingine. Mara nyingi anayeamua uhai wa kikundi ni mtu ambaye jina lake halimo katika safu ya uongozi. Huyo ni mwezeshaji.

Mwezeshaji anaweza kuwa bwana shamba, bibi shamba, mwalimu wa VICOBA au mkulima aliyepata mafunzo. Hana cheo katika kikundi na hapaswi kuwa nacho. Kazi yake ni kuwatumikia wanachama mpaka waweze kujiendesha wenyewe.

Mashamba darasa, ambayo ni mfano mzuri wa kazi hiyo, yalianza Indonesia mwaka 1989, wakati Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilipowasaidia wakulima wa mpunga waliokuwa wakinyunyizia dawa nyingi huku wadudu wakizidi. Mwaka 1999 mradi wa FAO na IFAD uliueneza utaratibu huo Tanzania, Kenya na Uganda. Wakulima kati ya 20 na 30 hukutana shambani kila wiki, hulinganisha kipande kilicholimwa kwa mazoea na kile cha majaribio, kisha huamua wenyewe la kufanya. Mwezeshaji huuliza maswali, hatoi amri.

Faida yake inaonekana kwa viwavijeshi vamizi, walioingia nchini mwaka 2017. Kiwavi akikua huzama katikati ya mhindi, pale majani mapya yanapochomoza, ambako dawa haimfikii kwa urahisi. Mkulima wa Handeni anayesubiri bwana shamba aje mwisho wa mwezi atakuta mhindi umekwishaliwa. Kikundi kilichozoea kukagua kila wiki huona mayai na viwavi wachanga mapema, na huchukua hatua bila kusubiri mgeni.

Hata nchi tajiri zimejifunza hivyo. Mwaka 1970, Mmarekani Robert Greenleaf, aliyefanya kazi miaka mingi katika kampuni ya simu ya AT&T, aliandika kwamba kiongozi wa kweli huanza kwa kutumikia. Mwaka 2001 wataalamu 17 wa programu za kompyuta walikutana Utah, Marekani, wakaafikiana juu ya kazi ya hatua fupi fupi, inayofanywa na vikundi vinavyojipangia wenyewe. Katika vikundi vingi vya namna hiyo yupo kocha ambaye hamwamuru mtu. Huondoa vikwazo na kuhakikisha makubaliano yanafuatwa.

Tatizo linaanza pale mwezeshaji anapogeuka bosi. Anachagua mbegu, anapanga bei na wanunuzi, anatunza fedha, na mkutano haufanyiki mpaka afike. Mradi ukiisha na gari likaondoka, kikundi nacho kinaondoka.

Somo hilo si geni. Mwalimu Nyerere alisisitiza kwamba vijiji vya ujamaa vijengwe kwa hiari. Lakini katika Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 wananchi wengi nchini walihamishwa kwa amri, na mashamba mengi ya pamoja yakakosa wa kuyajali kama mali yake.

Kwa mchuuzi wa machungwa wa Kabuku au mama lishe wa Korogwe, kipimo cha kwanza ni sanduku la VICOBA. Sanduku hilo huwa na kufuli tatu, na funguo hukaa kwa wanachama watatu tofauti. Mwezeshaji akishika ufunguo hata mmoja, wanachama wana haki ya kuuliza kwa nini. Kadhalika, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitaka vikundi vya aina hiyo visajiliwe. Mwezeshaji mwema huwaonyesha njia ya ofisi inayohusika, lakini fomu hujazwa na wenye kikundi.

Halmashauri nazo zina wajibu. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarejeshwa mwaka 2024. Fedha hizo zitapotea tena iwapo vikundi vitaundwa haraka kwa ajili ya mkopo na kuandikiwa kila kitu na mtu mmoja. Ofisa ugani au ofisa maendeleo ya jamii asipimwe kwa idadi ya vikundi alivyosajili. Apimwe kwa vikundi vinavyokutana, vinavyorejesha mikopo na vinavyotunza daftari lao yeye asipokuwapo.

Wanachama nao wasikae kusubiri. Waweke tangu mwanzo tarehe ambayo mwezeshaji ataanza kupunguza safari zake, na siku hiyo mwanachama mmoja aongoze mkutano yeye akiwa amekaa nyuma.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa mwezeshaji, siku ya tatu ni ya kuwaachia wenyeji jembe lao.